Moshi wa Jikoni ni Suala la Haki



Jumuiya zetu hujadili mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na zamu za maji ya mfereji. Moshi wa jikoni haujadiliwi. Huhesabiwa kuwa ni jambo la wanawake, nasi tunaikataa hesabu hiyo.

Huku milimani, Mbaga, Chome, Vudee na Gonja, baridi huwafanya watu wafunge mlango, na makande, chakula ambacho Mpare hana sababu ya kukionea haya, hutaka saa nyingi motoni. Kuni zikiwa mbichi, mama na mtoto aliye mgongoni huvuta moshi muda wote huo. Chembe zake laini, ambazo upana wake haufikii mikroni 2.5, hazizuiwi na pua wala koo. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu. Kwa mtoto huchochea nimonia. Kwa mama, baada ya miaka mingi, huleta ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao watu hudhani ni pumu au kifua kikuu, na wengine, tusifichane, husema amelogwa. Mkaa unaotumika Same mjini hauna moshi mwingi, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, nayo huinyima damu oksijeni.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Papa Fransisko naye, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aliutaja moshi wa kupikia alipozungumzia uchafuzi unaowadhuru hasa maskini.

Tunaambiwa, "Mababu walipikia kuni wakaishi." Waliozeeka tunawaona, watoto waliozikwa kwa maradhi ya kifua nani aliwahesabu? Tunaambiwa pia kwamba ni umaskini. Hoja hii ina uzito, maana kumhubiria gesi mkulima asiye na fedha za kujaza mtungi ni dhihaka. Lakini ziko nyumba zenye bati jipya na televisheni sebuleni, na nyuma yake jiko lisilo na dirisha hata moja. Huo si umaskini. Ni uamuzi, na aliyeamua si yule anayekohoa.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo ni jema. Ila mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa 2024 atakuwa na miaka 10 wakati huo, na mapafu hayangoji mkakati.

Basi tunadai yanayowezekana sasa. Baba atoboe dirisha na kuweka bomba la moshi kabla ya kununua makochi. Kuni zianikwe mpaka zikauke. Mahindi na maharage yalowekwe usiku kucha ili yaive upesi. Majiko banifu yajengwe, ingawa hayamalizi moshi wote. Na kamati ya ujenzi ya kila kigango, kabla ya kuchangisha fedha za uzio, iwaonyeshe waamini dirisha la jiko ambamo kina mama huwapikia wageni wa sherehe.