SEHEMU YA 7: UGOMVI WA BAA MSITULETEE WODINI

 

Wiki hii inbox imejaa klipu moja: vijana wa kiume wanacheza klabu, bendi inapiga, chini mmeandika, "Nesi toa tamko, hizi baa za mashoga zinaharibu watoto, zifungwe na wote wapimwe."

Tamko langu hili hapa, atakayenuna anune: hilo neno "wapimwe" mnitoe.

Februari 2015, Ukunda, pwani ya Kenya, wanaume wawili walikamatwa baa kwa kushukiwa tu kuwa ni mashoga. Kwa amri ya mahakama wakapelekwa hospitali kubwa ya Mombasa. Wakakaguliwa njia ya haja kubwa, wakapimwa VVU na homa ya ini, bila hiari yao. Aliyevaa glovu siku ile ni nani? Si polisi. Ni sisi, watu wa hospitali! Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema ni halali. Ikabidi Chama cha Madaktari Kenya kikemee mwaka 2017, na Chama cha Madaktari Duniani kikakemea mwaka huohuo, ndipo tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani kule Mombasa ikasema haki za watu wale zilivunjwa.

Na kipimo chenyewe hakionyeshi kitu. Msuli ule hulegea au kukaza kwa sababu chungu nzima: choo kigumu, umri, woga wa kushikwa kwa nguvu. Wewe uliyechanika vibaya wakati wa kujifungua unanielewa. Ungependa mtu akuandikie kesi kwa hilo?

Msijidanganye kwamba hayo ni ya Wakenya. Februari 2017 serikali yetu ilisimamisha vituo vilivyokuwa vikiwapa watu hawa huduma za VVU. Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akatangaza kikosi cha kuwasaka na kuomba wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema ni mawazo yake binafsi. Sawa, lakini aliyekwisha kujificha hatoki kwa sababu wizara imetoa karatasi.

Mtaniambia sheria ipo. Ipo, tena kali, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Ina polisi wake na hakimu wake. Mimi nina siri ya mgonjwa.

Sasa sikilizeni kwa nini hili ni lenu. Mjamzito akija kliniki mara ya kwanza tunampima VVU na kaswende, na tunamwambia aje na mwenza wake. Kijana akishasikia kwamba nesi ni jicho la polisi, haji na kidonda chake. Ananunua vidonge duka la dawa, anameza nusu, anaona nafuu. Kisha anaoa, maana ukoo unamdai mke. Huyo mke ni binti yako. Anayezaliwa na kaswende ni mjukuu wako.

Eti muziki wa klabu unageuza watoto. Mombasa na Unguja wanaume wa namna hiyo wameimba na kupiga ngoma kwenye harusi za wanawake miaka na miaka, na watoto waliokuwa wakichungulia wamekua, wameoa, wamezaa.

Na kama kweli mnaogopa baa, tuzungumze za hapa Singida. Mtoto wa miaka 10 anatumwa grosari saa tatu usiku akamletee baba bia, anapita katikati ya walevi na bodaboda zisizo na taa. Binti wa miaka 15 anauza vinywaji kando ya barabara kuu, malori yamejipanga, singeli inalia mpaka alfajiri. Mbona hizo klipu hamnitumii?

Ukiwa na kijana ana kidonda au usaha sehemu za siri, mwambie aje asubuhi. Sitamuuliza alikuwa baa gani. Nitamuuliza kimeanza lini, anatumia dawa gani, na kama kuna mwenzake wa kutibiwa naye.

Sehemu ya 8 ni manjano kwa watoto wachanga, mlioiomba tangu mwezi uliopita. Wa Manyoni na Kiomboi, maswali yenu nimeyaona.