Kizibo cha Konkriti Chataka Macho



Reli haifiki Garsen. Sisi tuliozaliwa kando ya mto Tana tulikwenda Mombasa na Voi kutafuta kazi ya njia, tukawaacha wazee wetu na mashamba ya mpunga na ndizi. Lakini kazi hii ya reli imetufundisha jambo moja ambalo yafaa watu wa nyumbani walijue: konkriti ikimwagwa na kukauka, kazi haijaisha. Ndiyo kwanza kazi ya kuiangalia inaanza.

Huko juu ya mto wetu kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Masinga peke yake laweza kuweka maji mita za ujazo karibu milioni 1,560. Kamburu, Gitaru na Kiambere zina vituo vya umeme vilivyochimbwa ndani ya mwamba, chini ya ardhi. Na kila mjenzi wa bwawa ajua ya kuwa huwezi kujenga ukuta katikati ya mto unaopita. Kwanza mto hupewa njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni handaki lililotobolewa katika mwamba. Bwawa likiisha, handaki halina kazi tena, huzibwa kwa kizibo kinene cha konkriti na kuachwa. Ni sawa na handaki la mgodi uliokufa. Watu husahau, lakini maji hayasahau. Yanasukuma mchana na usiku.

Ubaya wa kizibo kwa kawaida hauanzi katikati, huanza pembeni. Konkriti ikipoa hunywea kidogo, ikaacha mwanya mwembamba kati yake na mwamba. Kwa hiyo uji wa simiti hupigwa kwa pampu kuujaza mwanya ule. Lakini miaka arobaini au hamsini ni mingi, na mwamba nao una nyufa zake.

Basi hukaguliwaje? Si kwa kusimama mlangoni na kutia sahihi. Mkaguzi huangalia unyevu pale konkriti inapokutana na mwamba, na chokaa nyeupe inayotoka katika ufa, na kutu ya chuma. Hugonga kwa nyundo na kusikiliza, maana palipo pazima hulia sauti kavu, na palipo na uwazi hulia kama debe. Ufa huwekewa alama ya rangi na tarehe, au kipande cha kioo hushikizwa juu yake kwa simiti. Kioo kikipasuka, ufa unatembea. Maji yanayovuja hupimwa kwa ndoo na saa, yakaandikwa. Maji machache yaliyo safi si ajabu. Maji yaliyogeuka ya udongo ni hatari, kwa sababu yanachukua kitu huko ndani. Nasi watu wa gengi twaijua kazi hii, maana ndiyo tunayoifanya katika madaraja na makaravati.

Njia ya maji isipoangaliwa, malipo yake ni makubwa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, zaidi ya watu 50 walikufa. Kwanza ilisemekana bwawa limevunjika. Halafu Wizara ya Maji ikaeleza ya kuwa njia ya maji chini ya tuta la reli, upande wa Kijabe, ilizibwa na miti na takataka, maji yakajaa nyuma yake hata yakapasua. Sisi wa reli hatuwezi kusoma habari hiyo tukageuza uso.

Tena tutazame mbali. Huko Colorado, Marekani, tarehe 5 Agosti 2015, watu wa serikali walikwenda kukagua mgodi wa Gold King ulioachwa, ambao mdomo wake ulikuwa umefukiwa. Uchunguzi ulionyesha baadaye ya kuwa hawakutoboa kwanza kupima maji yamefika wapi ndani. Yakawatoka lita kama milioni 11 za maji ya sumu, mto Animas ukawa rangi ya manjano, na wakulima wa kabila la Navajo, walio mbali sana huko chini, wakafunga mifereji ya mashamba yao. Wao hawakuchimba mgodi ule, wala hawakuulizwa neno. Je, hao si kama watu wa Ngao, Wema na Idsowe?

Hatusemi vizibo vya Tana ni vibovu. Hatumshitaki mtu. Wengine watasema haya ni mambo ya mainjinia waliosoma. Ni kweli, wao ndio wajuzi. Lakini anayelala chini ya maji ana haki ya kuambiwa mjuzi ameona nini. Mto wetu hufurika hata bila bwawa, na furiko la kadiri ndilo linalolisha mpunga. Tunaloogopa ni maji yasiyo na taarifa. Katika mwaka huo wa 2024 mabwawa yalijaa yakamwagika, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatwa na maji pale Lango la Simba.

Kwa hiyo twaomba chama chetu kiyapeleke mambo matatu. Kwanza, daftari la ukaguzi wa kila handaki lililozibwa lisomwe barazani Garsen kila mwaka, kwa Kiswahili, si kufungiwa kabatini. Pili, mkaguzi asiingie handakini peke yake. Hewa mbaya mara nyingi haina harufu, na mtu ataka taa, kamba, kipimo cha hewa na mwenzake mlangoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi aripoti hatari kwa msimamizi wake. Basi anayeripoti ufa asifukuzwe wala asihamishwe. Tatu, maji yakifunguliwa huko juu huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Siku hizo zatosha kuhamisha watoto, ng'ombe na magunia, mradi habari ifike mbele ya maji.

Ndugu, wako wafanya kazi walioingia mashimo yale na kumwaga konkriti ile kwa mikono yao. Kazi yao ilikuwa nzuri. Tusiiache iharibike kwa kukosa mtu wa kuigonga kwa nyundo na kuandika alichosikia.