Ukifika Kuala Lumpur, Usihesabu Ghorofa Tu



Kijana mmoja aliyesoma madrasa yetu alipita kutusalimia hapa Biharamulo. Alikuwa ametoka kwenye safari ya miezi mingi, begi mgongoni, akipanda mabasi na kulala nyumba za wageni za bei nafuu, kutoka Thailand hadi Malaysia. Nyote mlimzunguka kutazama picha za Kuala Lumpur kwenye simu yake. Maswali yenu niliyasikia: yale majengo mawili pacha yana urefu gani? Mita 452, akajibu, ghorofa 88. Mkashangilia, kikao kikaisha.

Mimi sikuridhika. Ibn Battuta naye alitoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, akafika Kilwa mwaka 1331, na baadaye Sumatra, jirani ya Malaysia ya leo. Kuhusu Kilwa alisimulia ukarimu wa sultani kuliko majumba. Msafiri huuliza watu wanaishije.

Basi tuulize. Jina Kuala Lumpur maana yake ni makutano ya mito yenye matope. Mwaka 1857 wachimbaji 87 wa Kichina walipelekwa huko kwa mto Klang kutafuta bati (nasema bati la madini, si la kuezekea). Malaria iliwashukia, na baada ya mwezi mmoja walibaki 18. Hivyo ndivyo mji ule ulivyoanza: kambi ya machimbo.

Je, hiyo ni habari ya mbali? Bati liko Kyerwa, nikeli iko Kabanga kule Ngara, na hapa kwetu Biharamulo mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005. Malaria hatuhitaji kuelezwa. Wao walipata uhuru mwaka 1957, sisi 1961. Swali langu ni moja tu: pesa ya matopeni ilikwenda wapi?

Nyingi ilichukuliwa na Waingereza na matajiri wa migodi. Mchimbaji mwenyewe mara nyingi aliimalizia kwenye kasumba na kamari. Lakini baadaye wenzetu walifanya jambo ambalo hakuna aliyemuuliza mgeni wetu. Wakulima wa Kimalay walikuwa wakiuza ng'ombe na mashamba ili waende Hijja, wakirudi hawana pa kulima. Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz akapendekeza mfuko wa akiba usio na riba, nao ukaanza kazi mwaka 1963. Leo unaitwa Tabung Haji. Mtu aliweka kidogo kidogo, na mfuko ukawekeza kwenye mashamba ya michikichi na majengo. Sisemi haukukosea. Mwaka 2018 ilibainika kuwa madeni yake yamezidi mali zake, na serikali ikalazimika kuunusuru. Hata hivyo mkulima aliacha kuuza shamba.

Hapa kwetu, vijana wawili wa darasa la jioni walituacha wakaenda machimboni. Mmoja alirudi na pikipiki. Kabla ya Ramadhani alikuwa amekwisha iuza, na sasa anakopa nauli. Simcheki, maana hakuna aliyemfundisha kuweka akiba, na mimi mwalimu wake nimo katika lawama hiyo.

Nilimwomba yule msafiri simu yake tutazame tena. Kati ya picha zake tukaliona jengo refu lenye kiuno chembamba kama ngoma. Alilipiga picha kwa sababu ya umbo lake, hakujua ndilo jengo la Tabung Haji.

Nimezungumza na mudiri. In shaa Allah, kuanzia Muharram tutapokea akiba ya shilingi 500 kila Ijumaa baada ya darasa, kila mmoja na daftari lake, na hesabu itasomwa mbele ya wazazi. Anayetaka aandikishe jina kwangu.