Goma: Kijana anayetaka kutengeneza kifuniko cha bidoni afundishwe, asichekwe

Goma – Katika kata ya Ndosho, kama katika kata nyingine zinazopokea familia zilizohama makwao kwa sababu ya vita, bidoni ya litri 20 isiyo na kifuniko ni jambo la kawaida. Mama anaziba mdomo wa bidoni kwa kiazi, kwa ndizi mbichi au kwa kipande cha saché. Maji yanatiwa klorini vizuri penye kisima, kisha yanafika nyumbani yakiwa wazi, mavumbi na vidole vya watoto vinaingia. Halafu watu wanashangaa kipindupindu kinarudi.

Hapo ndipo kijana anayejaribu kutengeneza kifuniko nyumbani kwake anastahili kusikilizwa. Wapo vijana wa namna hiyo. Wanaokota vifuniko vya zamani na bidoni za njano zilizopasuka, wanavikata vidogovidogo, wanatafuta namna ya kuviyeyusha na kuvisukuma ndani ya kalibu. Jirani anacheka. Na anayeandika miradi ya mafunzo ya vijana anasema plastiki ni kazi ya viwanda vya nchi jirani, kijana arudi kwenye orodha ya sabuni na ushonaji.

Hakuna ubaya na cherehani. Lakini kila mradi ukitoa mafundi wa nguo na sabuni kwa soko moja, hao mafundi watauziana wao kwa wao. Bidoni inaendelea kuzibwa kwa kiazi.

Kuna na kosa la upande wa pili, la wale wanaomsifu kijana bila kumfundisha. Wanamwambia: tafuta mashine tu, utaanza kazi. Michoro ya mashine ndogo za plastiki inapatikana bure kwenye intaneti. Mradi wa Precious Plastic, ulioanzishwa na Dave Hakkens wa Uholanzi mwaka wa 2013, unaitoa kwa yeyote. Mashine ya mkono ni bomba lenye moto na mtarimbo wa kusukumia. Kazi kubwa iko kwenye kalibu, na hiyo ndiyo haifundishwi.

Angalia kikopo cha plastiki: mdomo ni mpana kuliko kitako. Wengi wanafikiri ni urembo. Ni kwa sababu kuta zikisimama wima kabisa, kitu kinang'ang'ania ndani ya kalibu na hakitoki. Mchoraji anayeanza anapaswa kuzilaza kuta kidogo, digrii 1 au 2 zinatosha. Tena plastiki ikipoa inanywea. Ile ya bidoni inapungua karibu sehemu 2 kwa 100. Anayetaka kitu chenye upana wa milimita 50 atachonga kalibu ya milimita 51. Asiyeambiwa hilo atachonga 50, na maji yatavuja.

Unene nao uwe sawa kila mahali. Pahali penye donge panapoa mwisho, panabonyea. Hewa iliyo ndani ya kalibu iachiwe vijia vyembamba vya kutokea, la sivyo plastiki haifiki kwenye pembe.

Sasa kifuniko chenyewe. Kina mistari ya ndani ya kuzungushia, na mistari hiyo inaishika kalibu kama parafujo. Viwandani kuna kalibu zinazojifungua kwa kujizungusha. Nyumbani, kipande cha katikati kitatolewa pamoja na kifuniko, kisha kifunguliwe kwa mkono, kimoja kimoja. Inachelewesha, ila inawezekana. Kwa anayeanza, afadhali aanze na kizibo cha kusukumiza: cha mviringo, kinachopungua kuelekea chini, chenye uwazi ndani, ukuta wa milimita 3 hivi. Umbo hilo linatoka kwenye kalibu lenyewe. Kiazi kimekwisha kuwaonyesha mama kwamba kizibo cha namna hiyo kinafanya kazi.

Asiyefundishwa anaweza pia kujiumiza. Plastiki ya bidoni huanza kuyeyuka karibu na digrii 130, na ili isukumike vizuri hupashwa kuvuka digrii 180. Ikiruka kwenye ngozi inaganda hapo hapo. Vipande vya mabomba ya maji ya PVC, vyenye namba 3, visiingie kamwe: vikizidi moto vinatoa gesi yenye asidi inayochoma mapafu. Atumie namba 2, asichanganye na namba 5, na bidoni iliyobeba mazuti au dawa ya shamba isigeuzwe kizibo cha maji ya kunywa. Moto uwe mahali penye hewa, mbali na watoto. Katika nyumba ya familia tatu chumba kimoja, jambo hilo peke yake linadai karakana ya pamoja.

Wanaosema hapa hakuna ujuzi wa kalibu wamewasahau mafundi wa sufuria. Katika miji mingi ya Kongo kuna watu wanaoyeyusha aluminiamu ya mabaki na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga. Hao wanajua kunywea, wanajua kulaza ukuta, hata kama hawakusoma shule ya ufundi. Mwenye mashine ya kukereza chuma akiongezwa kwao, na kipimo cha milimita, darasa limepatikana. Mali ghafi haikosekani: takataka za plastiki zimejaa Ziwa Kivu mpaka zinaziba njia ya maji ya bwawa la umeme la Ruzizi 1, Bukavu.

Mashirika yanayogawa bidoni mpya kila watu wanapohama yanafanya kazi ya lazima. Ila bidoni ya zamani inaacha kufaa kwa sababu ya kifuniko kilichopotea, na hakuna anayegawa vifuniko. Mradi ujao wa vijana uweke kundi moja la kalibu kando ya makundi ya ushonaji, uwalipe mafundi wa aluminiamu na wa kukereza wafundishe, na wahami waandikwe humo pamoja na wakaaji. Na mradi ukifungwa, kalibu ibaki mikononi mwa kundi katika kata, isibebwe kwenye ofisi pamoja na mabango.