Kifua Chenye Nishani Si Daftari la Vita

Kuna imani iliyoota mizizi kwetu: ukitaka kujua ofisa wa jeshi ametumikia vipi, mtazame kifua. Safu moja ya medali, huyo amefanya kazi. Safu tatu, huyo ni shujaa. Asiye na kitu, basi hakupigana au alipigana kwa kujificha. Maneno haya yanasemwa misibani, yanasemwa kwenye gwaride la Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai, na wasifu wa marehemu wengi huanza na orodha ya nishani kabla ya kutaja lolote alilotenda mwenyewe. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi wa upotofu wake umejaa pwani hii ya kusini ya Tanzania, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Sudi, ambako vita vilipita tena na tena na nishani zikaondoka na wachache.

Tuanze na Sudi. Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya Kijerumani iliyoitwa Marie iliwaponyoka Waingereza waliokuwa wakilinda bahari, ikatia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini ya mji wa Lindi. Ilileta mizinga, risasi, dawa na nguo. Shehena ilikuwa imefungwa kwa vipimo vya mzigo wa kichwani, kwa maana walioipakia walijua kwamba Sudi hakuna reli. Kuna shingo za watu. Humo humo zilikuja nishani. Kamanda wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, amezitaja katika kitabu chake cha kumbukumbu: Msalaba wa Chuma wa daraja la kwanza kwa nahodha wa manowari Königsberg, misalaba ya daraja la pili ya kuwatosha nusu ya mabaharia wake, miwili kwa kamanda mwenyewe, na mapambo kadhaa kwa askari weusi.

Nusu ya mabaharia! Königsberg ilikuwa imekwisha kuangamia katika delta ya Rufiji tangu Julai 1915, na walionusurika walikuwa wametawanyika bara wakipigana kama askari wa miguu. Hesabu ya misalaba ilikatwa Ujerumani, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Kama walistahili thelathini, kama walistahili wote, isingebadilisha kitu, kwa sababu sanduku lilikuja na idadi yake. Na mpagazi wa Sudi, aliyelitwika sanduku hilo na mengine kama hilo akapanda nalo bara, fungu lake halikuwemo. Nishani zile zilisafiri juu ya vichwa vya watu ambao hakuna aliyefikiria kuwapa hata moja.

Anayeamini kifua ataniambia hiyo ni hadithi ya meli moja. Basi twende Mahiwa, karibu na Nyangao, kando ya njia ya kwenda Masasi. Hapo, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, yalipiganwa mapigano makali kuliko mengine yote ya vita vile katika Afrika Mashariki. Upande wa Waingereza, ambao wengi wao walikuwa Wanaijeria, askari wa King's African Rifles (KAR) na Wahindi, waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Katika uwanja huo walikuwepo watu wawili ninaotaka uwatazame kwa pamoja.

Wa kwanza ni huyo huyo Lettow-Vorbeck, ofisa wa kazi tangu ujana. Alikwenda China katika vita vya mwaka 1900. Mwaka 1904 alipelekwa Namibia, akawa katika makao ya Jenerali Lothar von Trotha wakati Waherero walipofukuziwa jangwani wafe kwa kiu. Novemba 1916, akiwa katika nchi yetu, alitunukiwa Pour le Mérite, nishani kubwa kabisa ya kijeshi ya Prussia, na Oktoba 1917 ikaongezewa majani ya mwaloni. Baada ya Mahiwa alipandishwa cheo kuwa jenerali. Alipokelewa Berlin mwaka 1919 kwa shangwe, akafariki Hamburg mwaka 1964 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90. Simkatalii ujuzi wa vita. Hata maadui zake walimkubali. Nasema kwamba ukikisoma kifua chake peke yake, huoni Mherero hata mmoja, huoni mpagazi hata mmoja, huoni ghala la mtama lililokombwa hadi chini ili jeshi lake lisife njaa.

Wa pili ni Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye baadaye alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa efendi, cheo cha juu kabisa ambacho mtu mweusi aliweza kukifikia katika jeshi la Wajerumani. Kijana alijua Kijerumani mapema, akafanya kazi ya ukarani Lindi, na vita vilipoanza akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mahiwa alijeruhiwa, kisha akawa mateka wa Waingereza. Alikuwa na miaka 13.

Mwaka 1929 Husen alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake uliokuwa haujalipwa. Akaambiwa amechelewa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili wanafunzi na maofisa, akaigiza katika filamu. Mwaka 1934 aliomba nishani waliyokuwa wakipewa wapiganaji wa mstari wa mbele. Alinyimwa. Nishani hiyo aliinunua mwenyewe, akaivaa pamoja na sare ya askari. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu, bila kesi akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Sasa waulize wanaoamini kifua: nishani ya Husen ilikuwa ya kweli au ya bandia? Karatasi hakuwa nayo. Jeraha la Mahiwa alikuwa nalo. Wangapi Berlin walivaa nishani hiyo hiyo kwa haki kamili ya kiserikali, ilhali hawakupata hata mkwaruzo? Ukishikilia kwamba nishani ndiyo ushahidi wa utumishi, inabidi useme Husen hakutumikia. Mimi siwezi kusema hivyo, na sidhani kama yupo mtu wa Lindi anayeweza.

Waingereza nao hawakuwa bora. Walikuwa na medali ya mwenendo bora vitani kwa askari wao, lakini kwa askari Mwafrika wa KAR walitengeneza toleo la pekee, ili hata ushujaa usikae meza moja. Nishani zao za ushujaa za Victoria Cross zilizotolewa kwa vita vile vya Afrika Mashariki zilikwenda kwa wazungu. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, kwa njaa na kwa kuchoka, makadirio yanafika karibu 100,000 kwa upande wa Waingereza peke yake. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba kati ya watu 116,000 na pengine 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Imewachukua miaka mia moja kukiri jambo ambalo wajukuu wa watu hao walilijua tangu utotoni.

Wapo maofisa wenyewe walioyatambua haya. Hans Paasche, luteni wa jeshi la maji la Wajerumani, alipigana Rufiji mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilipolipuka kutoka Nandete, katika milima ya Matumbi, wilayani Kilwa. Alirudi kwao na nishani. Aliyoyaona yalimgeuza akawa mpinga vita, akaandika na kusema waziwazi, hata mwaka 1920 askari wa nchi yake mwenyewe walimpiga risasi nyumbani kwake. Vita vya Majimaji viliisha kwa mashamba kuchomwa na maghala kuteketezwa makusudi; waliokufa kwa njaa waliwazidi mbali waliokufa kwa risasi. Maofisa walioongoza uchomaji huo walivishwa nishani kwa kazi hiyo. Kinjikitile Ngwale, kiongozi wa Majimaji, alivishwa kitanzi, Mohoro, Agosti 1905. Miaka kumi kabla yake, Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kilwa Kivinje.

Najua jibu litakalokuja: hayo ni ya wakoloni, medali za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ni zetu, zinatolewa na Amiri Jeshi Mkuu wetu, kwa vita vya haki. Kweli. Ofisa aliyepigana vita vya Kagera ana haki ya kuivaa medali yake, na mimi humsimamia kwa heshima. Lakini safu ile kifuani mwake ina medali za namna nyingi. Nyingine ni za utumishi mrefu na tabia njema, nyingine za kumbukumbu ya mwaka fulani, na pengine moja tu inahusu siku ambayo maisha yake yalikuwa hatarini. Kwa mbali zote zinang'aa sawa. Na hata hiyo moja ilihitaji mkubwa wake aone, akumbuke na aandike mapendekezo. Aliyetenda jambo kubwa usiku, wenzake wote wakafa, nani atamwandikia? Katika vita vya Kagera walipigana maelfu ya mgambo waliotoka vijijini na kurudi vijijini. Miaka ya kupigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, na watu wa kusini waliishi na vita mlangoni. Mama aliyewapikia wapiganaji hana hata utepe.

Ndiyo maana inanichukiza kusikia kijana akimwambia babu wa watu, "Kama ulipigana, medali iko wapi?" Hilo ni swali la ofisi ya malipo. Halimfai mjukuu. Muulize alikuwa wapi, na nani, walikula nini, nani hakurudi. Na ofisa mstaafu mwenye safu tatu naye umuulize, medali moja moja, hii ulipewa kwa lipi? Wanaostahili hawaogopi swali hilo. Wengi wao wanalingoja, kwa sababu hutaja kwanza majina ya wenzao waliobaki huko.

Walimu wa historia wa Sudi, Mtama, Nyangao, Nandete na Kilwa Kivinje, kazi hii ni yenu kabla ya kuwa ya serikali. Watumeni wanafunzi nyumbani na daftari. Waandike jina la babu au bibi aliyebeba, aliyepika, aliyepigana; kijiji alichotoka, alichobeba, alikofia kama panajulikana. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Na tarehe 25 Julai ijayo, kabla ya kutaja nani alivishwa nini, majina hayo yasomwe.