Imani Nyumbani: Mifuko Minne Iliyolowa



Juma hili tuliahidi kuandika juu ya sala ya jioni pamoja na watoto. Itangojea kidogo. Kuna jambo la unga, na wengi wenu mmekwisha kulisikia njiani, kila mmoja kwa namna yake. Afadhali tulieleze sisi wenyewe.

Mnajua kwamba kwa pesa ya likelemba tulinunua unga wa mahindi upande wa Mufulira, mifuko 12 ya kilo 25, tuuze kwa meka hapa sokoni, na faida isaidie pesa ya masomo mwezi wa kwanza. Unga ulivuka mpaka salama. Tuliuweka katika depo tuliyoazima, mvua ikanyesha siku tatu, bati likavuja. Tulipofungua, mifuko minne ya chini ilikuwa imelowa upande mmoja, na ndani yake mlikuwa na mabonge ya rangi ya kijani na harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu.

Siku ya posho tukakutana. Mama mmoja akasema: tuanike, tuchekeche, tutoe mabonge, halafu tuchanganye, meka moja ya unga huu kwa meka tatu za ule mzuri. Nani atajua? Msimhukumu. Karibu sisi wote tulikuwa tumewaza vilevile kabla yeye hajafungua kinywa. Mwingine akasema tuwauzie wale wanaopika lutuku. Wa tatu akataja nguruwe.

Mama mzee anayetutunzia pesa alikuwa amenyamaza muda wote. Ndipo akauliza: «Na yule kijana wa Goma, mwezi wa sita tulimpigia vigelegele vya nini?»

Kwa wale ambao hawakuwapo: siku ya yenga tarehe 15/6/2025, huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri kijana wa nchi yetu, Floribert Bwana Chui bin Kositi. Alizaliwa Goma mwaka 1981. Hakuwa padri, hakuwa bruda. Alifanya kazi mpakani, katika Office Congolais de Contrôle, OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia. Baada ya kazi alikuwa na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa barabarani katika ile wanayoiita Shule ya Amani. Watu walimletea pesa ili aache chakula kilichoharibika kipite. Akakataa. Walimsukuma, naye hakugeuka. Inasemekana alimwuliza sista mmoja daktari kama chakula kile kingewadhuru kweli watu. Mwaka 2007 wakamteka nyara na kumwua. Alikuwa na miaka 26.

Sisi tumezoea wenye heri wengine wa Kongo. Anuarite alikuwa mtawa, na tangu Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipomtangaza Kinshasa mwaka 1985, wasichana wengi wamepewa jina lake. Bakanja alipigwa kwa sababu ya skapulari yake. Hao tunaelewa mara moja ni mashahidi wa imani. Lakini Floribert? Hakuna mtu aliyemwambia amkane Kristu. Walimwambia tu atie sahihi. Na Kanisa limesema hiyo nayo ni imani, ile iliyokaa ndani ya karatasi ya forodha na mfuko wa mchele. Baba Mtakatifu Fransisko, alipokuwa Kinshasa mwezi wa pili mwaka 2023, aliwasimulia vijana habari zake katika Stade des Martyrs. Aliwaambia kwamba angeweza kufumba macho na mtu asijue.

Hapo ndipo neno «nani atajua» liliporudi katikati yetu kama mgeni asiyealikwa.

Mama yule wa kwanza hakukubali upesi, na alisema neno zito. Alisema: «Floribert alikuwa bado hajaoa. Mimi nina watoto watano.» Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu zuri, na leo tunapoandika bado hatuna. Tulichoweza kumwambia ni hiki: anayenunua meka moja kwetu asubuhi, kwa ajili ya bukari ya siku moja, naye ana watoto. Mwenye uwezo hununua mfuko mzima, haji kwenye meza yetu. Unga wetu mbaya ungekwenda moja kwa moja kwa maskini kuliko sisi. Kule Goma ilikuwa hivyohivyo: chakula kile kisingefika kwenye meza ya tajiri.

Na si harufu tu. Wanafunzi wetu wa uuguzi walitueleza kwamba mahindi yaliyoshika ukungu yanaweza kuwa na sumu inayoitwa aflatoksini. Inaharibu ini. Kuchekecha hakuitoi yote, na moto wa kupika bukari hauiui. Kenya, mwaka 2004, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Wengi walikula mahindi yao ya nyumbani tu, yaliyowekwa na unyevu. Nguruwe naye inamdhuru. Basi tulipofika hapo tukaona kwamba tulikuwa tunajadili amri ya saba, ile ya kutoiba, kumbe tulikuwa tumeingia katika amri ya tano.

Tulipiga kura. Wawili walikataa, sisi wengine tukakubali kuuzika unga. Tulichimba shimo nyuma ya depo, tukamwaga mifuko minne, tukachanganya na majivu ili mtu asije usiku kuuchota. Kilo 100. Mama mmoja alilia wazi, na haikuwa ya maonyesho. Yeye ndiye aliyekuwa apokee likelemba mwezi huu, na atapokea pungufu. Wengine tumekubali kuongeza kidogo kidogo mpaka pengo lijae, lakini pesa ya polepole hailipi shule inayotaka yote mwanzoni.

Tuseme pia jambo lingine ambalo hatulipendi. Tunapenda kulalamika juu ya wanaoomba madesu ya bana mpakani, na kweli wapo, hapa na kila mpaka. Lakini mkono unaopokea unahitaji mkono unaotoa. Ni mara ngapi sisi wenyewe tumekunja noti ndani ya karatasi kabla hata hatujaombwa, ili tupite mbele ya wenzetu waliopanga mstari na baiskeli zao tangu alfajiri? Hatuandiki hivi ili mtu ajisikie mtakatifu wa Mokambo. Baadhi yetu tulifanya hivyo mwezi uliopita.

Na wakati tulipokuwa tunasawazisha udongo juu ya lile shimo, mama mmoja aliuliza kwa sauti ndogo: «Na meka zetu?» Kila mama wa soko anaelewa. Meka iliyogongwa kitako kwa nyundo mpaka kikaingia ndani, ukiitazama kwa juu ni nzima, ukiijaza inapunguza mikono miwili ya unga. Hakuna aliyejibu. Tulipangusa mikono, tukasema Salamu Maria moja, tukaenda nyumbani.

Mama aliyesema habari ya watoto watano hakuja kwenye sala ya jumuiya juma hili. Watatu kati yetu tulikwenda kwake. Alitupa viti, akatupa maji, akauliza habari za wagonjwa wetu. Juu ya unga hakusema neno, na sisi hatukumlazimisha. Tumekubaliana kwamba faida ya mifuko minane iliyobaki, ya kwanza kabisa, italipa mtoto wake mkubwa, aliye katika mwaka wa mtihani wa taifa. Yeye bado hajaambiwa. Atakayesoma hapa kabla yetu, amwambie kwa upole.

Mkutano ujao ni siku ya nne, saa tisa, mahali pa kawaida. Kila mama alete meka anayouzia, ileile, si ya jirani. Tutaweka ndoo ya maji katikati na kuzipima moja moja, tukianza na ile ya chama.