Mazao Madhabahuni, Sumu Shambani

Kila Jumapili ya mavuno sisi wa Pongwe tunapanga mbele ya madhabahu mahindi, mihogo, nazi, machungwa na mafungu ya mchicha. Tunaimba, tunanadi, tunamshukuru Mungu. Lakini baadhi ya mchicha ule ulipigwa dawa Alhamisi. Tunajua, kwa sababu tuliopiga ni sisi.

Tuseme wazi, wapendwa: shukrani ya namna hiyo ina uongo ndani yake. Karatasi ya chupa inaeleza zipite siku ngapi kabla ya kuvuna, hatuisomi. Tunapima dawa kwa kifuniko cha soda, tunanyunyiza bila glavu, kisha kopo tupu tunalisuuza na kuchotea maji.

Wapo wanaosema kanisa lihubiri roho, kilimo kiachiwe bwana shamba. Hao wameziruka kurasa za kwanza za Biblia. Katika Mwanzo 2 Adamu alipewa kazi mbili bustanini: kuilima na kuitunza. Walawi 25 inaagiza ardhi ipumzishwe mwaka wa saba. Na katika Luka 13, mtini usiozaa ulipohukumiwa kukatwa, mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi ili auchimbulie na kuutia samadi. Samadi, ndugu! Bwana hakuona aibu kuitaja katika mfano wake. Sisi tunaona aibu kuibeba.

Wengine wanasema dawa ndiyo maendeleo. Tuwakumbushe Vikuge, kule Kibaha. Mwaka 1986 ililetwa huko shehena ya viuatilifu vya msaada, sehemu yake ikiwa imekwisha muda wake. Ghala likabomoka, sumu ikanyeshewa mvua. Wataalamu waliopima udongo miaka mingi baadaye waliikuta DDT ingali humo. Huenda dawa tunazonunua leo si zile, lakini tabia ya kupokea sumu bila kuuliza ni ileile.

Hoja nzito ni ya mama mwenye ekari moja: njaa haisubiri mboji. Hatumdharau. Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, wanaweza kumaliza jasho lake lote. Lakini nani alimfundisha njia nyingine kabla hajakopa fedha ya dawa? Mboji ikianzwa mwishoni mwa vuli, na kugeuzwa na kumwagiwa maji, huwa tayari masika yakianza. Mabua tunayoyachoma yangefunika udongo na kutunza unyevu. Kunde zikipandwa kati ya mahindi hurutubisha ardhi kwa vifundo vya mizizi yake. Mbegu za mwarobaini zikitwangwa, zikalowekwa usiku kucha na kuchujwa, maji yake hupunguza wadudu. Yanyunyizwe jioni, maana jua kali huyaondolea nguvu. Na anayepita shambani mapema huyaona mayai ya kiwavi chini ya jani, akayaponda kwa vidole.

Haya yote yanataka jasho na subira, na hapo ndipo tunapokwama. Tunaomba mvua Jumapili, Jumatatu tunatia moto majani ambayo yangeishika mvua hiyo ardhini. Halafu tunasema ardhi imechoka. Aliyeichosha ni nani?

Elimu haiko mbali. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kwa jirani zetu wa Muheza, kilianza na mkonge mwaka 1934, na leo kinachunguza udongo. Tukawaulize. Na kiwanja cha kanisa tunachokifyeka kila mwaka bila kupanda kitu, tukifanye shamba darasa kabla ya masika, vijana na akina mama wakijifunza kwa mikono yao. Wazee wa kanisa wasiunde kamati nyingine. Waje na majembe.

Na Jumapili ya mavuno ijayo tusiulizane nani kaleta fungu kubwa. Kila mmoja wetu alete mazao ambayo angeweza kumpa mtoto wake ale palepale, mbele ya madhabahu, bila hofu.